Kambi Iliyokosa Mgeni wa Kuifunga

Nchi ninayoieleza hapa ina jina zuri, lakini sina mamlaka ya kulitamka. Kwa mujibu wa itifaki, jina hilo hutamkwa na mgeni rasmi peke yake, tena baada ya vikundi vya burudani kumaliza, na mimi sijapata kuwa mgeni rasmi hata kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Msomaji aniwie radhi. Nitaiita nchi, naye ataelewa.

Katika nchi hiyo watoto walikuwa na kasoro moja: walipumzika wakati wa likizo. Kasoro hii haikuonekana kwa miaka mingi, kwa kuwa watoto walipokuwa wakipumzika viongozi nao walikuwa wakipumzika, hivyo hakukuwa na mtu wa kuiona. Aliyeigundua ni Waziri wa Vijana, Ari na Matembezi, Mheshimiwa Shibe, ambaye mwaka mmoja alikosa nafasi ya kwenda kupumzika ng'ambo, akabaki nyumbani, akachungulia dirishani, na kuwaona watoto wa mtaa wake wakiruka kamba bila usimamizi wa mtu yeyote.

Bungeni alilieleza jambo hilo kwa utulivu wa msomi.

"Mheshimiwa Spika, tunazo kambi za vijana. Kambi hizi hujenga ari. Lakini zinafanyika lini? Wakati wa likizo! Na likizo, Mheshimiwa Spika, ni mali ya nani? Ni mali ya familia. Muhula ndio mali ya serikali. Je, ni haki serikali hii sikivu ijenge ari ya taifa kwenye kiwanja cha watu?"

Wabunge walipiga meza. Mmoja tu, ambaye alihesabiwa kuwa mpinzani kwa sababu viti vya upande mwingine vilikuwa vimejaa, aliuliza watoto watasoma lini iwapo muhula utatumika kwa kambi. Mheshimiwa Shibe alimjibu kwa upole kwamba swali hilo ni zuri mno kujibiwa kwa haraka. Likaundiwa kamati. Kamati ikaomba muda wa kulitafakari, ikapewa muhula.

* * *

Kambi ya mfano iliwekwa katika shule moja ya sekondari iliyo mbali na mji mkuu, na wataalamu, wakichelea kuwapeleka wanafunzi mbali na masomo, waliijenga kwenye uwanja wa mpira wa shule hiyohiyo. Uzio haukuwekwa. Vijana wenye ari, ilielezwa, hawazungushiwi uzio. Yalipangwa mawe ya ukubwa wa nazi, yakapakwa chokaa, yakauzunguka uwanja wote. Mtu aliyeketi mlangoni mwa hema lake aliweza kuona darasa lake, na akitulia aliweza kuona hata dawati lake.

Shuleni hapo alifundisha kemia mwalimu mmoja aitwaye Mwasiti, ambaye watu wote, hata mkuu wa shule, walimwita Mama Siwema, kwa kuwa Siwema, mwanawe wa pekee, alikuwa kidato cha nne katika shule hiyo. Mwaka huo Siwema alitakiwa kufanya mtihani wa taifa. Alitaka kuwa mfamasia. Hakuwa amelichukua wazo hilo vitabuni. Hospitali ya wilaya ilikuwa na dawa nyingi na haikuwa na mtu wa kuzitofautisha, na shangazi yake mmoja alikuwa amezikwa kwa sababu ya tofauti hiyo. Mtihani ule ulikuwa mlango wake mmoja tu, kwani sheria ya nchi haikuruhusu mtu kuurudia. Serikali ilikuwa imeona kwamba kurudia mtihani kunawavunja moyo waliofaulu mara ya kwanza.

Siku ya ufunguzi, Mheshimiwa Shibe alifika mwenyewe. Alisema kwa kirefu kuhusu ari, kisha akainua mkono.

"Sasa natamka rasmi kwamba kambi hii, itakayodumu kwa wiki mbili, imefunguliwa."

Mama Siwema alipiga makofi pamoja na wengine. Wiki mbili si nyingi, aliwaza. Mada ya mafuta ghafi angeifidia kwa vipindi vya Jumamosi.

Kidato cha nne chote, Siwema akiwemo, kiliingia kambini, na mafunzo yalianza mara moja. Asubuhi vijana walikunjua mahema, adhuhuri waliyakunja yasichakae, jioni waliyakunjua tena. Kulikuwa na somo la Kujitambua, ambamo kila kijana alisimama na kulitaja jina lake kwa sauti mpaka mkufunzi aridhike kwamba ni lake. Lakini somo kuu lilikuwa makofi. Walifundishwa makofi ya kawaida, makofi ya kilo, makofi ya mvua, na makofi ya kimya, ambayo viganja hukaribiana bila kugusana, yaliyotengwa kwa ajili ya misiba ya kitaifa. Walifundishwa pia wimbo wa kumpokea mgeni, wenye ubeti kwa kila wilaya; na kwa kuwa wilaya zilikuwa zikigawanywa kila mwaka, wimbo haukuwa mfupi. Yeyote aliyeusikia alipaswa kusimama wima mpaka uishe, hata kama alikuwa amejitwisha ndoo.

* * *

Wiki mbili zilikwisha. Vijana walikunja mahema, wakafunga mabegi, wakajipanga kwa mistari kumsubiri mgeni rasmi aje kuifunga kambi. Hakuja. Ujumbe ulifika kwamba Mheshimiwa Shibe amebanwa na majukumu, na kwamba kambi iendelee kuwa tayari kufungwa. Iliendelea kuwa tayari kwa wiki kadhaa. Kisha, saa ya taarifa ya habari, Rais alifanya mabadiliko madogo katika baraza lake, na Mheshimiwa Shibe akahamishiwa Wizara ya Mizani na Vipimo.

Mama Siwema alimfuata mkuu wa kambi, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya taratibu aliyeitwa Afande Kalunde. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha turubai, akipaka chokaa jiwe lililopauka.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ndani ya mawe."

"Nitakaa hukuhuku nje. Nimekuja kuuliza watoto watarudi lini darasani."

"Kambi ikifungwa."

"Si imekwisha, Afande? Wiki mbili zimepita, sasa tunazungumzia miezi."

"Kwisha imekwisha," Afande alikiri. "Imekwisha zamani sana. Hata ratiba hatuna, tunarudia ileile. Ila haijafungwa. Mwalimu, hiki si kioski, kwamba mtu anashusha mbao anakwenda zake kulala. Kilichofunguliwa na Mheshimiwa kinafungwa na Mheshimiwa."

"Na mtoto akitoka mwenyewe? Sioni uzio."

"Nani amzuie? Mimi? Kwa mguu huu?" Alicheka, akalichovya burashi lake. "Atoke tu. Mlango ni popote. Lakini mwulize, Mwalimu, anatoka kambini akiwa nani? Aliyehitimu? Hajahitimu. Mtoro? Mimi siwezi kumwandika mtoro, ni mtoto mzuri. Atakuwa hayupo popote. Na mwombaji wa mtihani lazima awe yupo mahali."

Mama Siwema alitafuta kosa katika hoja hiyo kwa namna alivyozoea kutafuta kosa katika milinganyo ya wanafunzi wake. Hakuliona. Kila upande ulilingana na mwenzake.

* * *

Vipindi shuleni havikusimama, kwani hakuna aliyekuwa ameagiza visimame. Kila asubuhi Mama Siwema aliingia darasa la kidato cha nne, akayasalimia madawati, akaandika tarehe ubaoni, akafundisha. Mwanzoni alifundisha kwa sauti ya chini, kwa aibu. Baadaye alifungua madirisha yote ya upande wa uwanjani na kupaza sauti, kwa matumaini kwamba upepo ungebeba chochote.

Mkaguzi wa shule alikuja akaketi dawati la nyuma kipindi kizima.

"Nimekagua shule nyingi," alisema mwishoni, akifuta miwani. "Sijaona darasa lenye nidhamu kama hili."

"Halina wanafunzi, Bwana Mkaguzi."

"Nimeona. Na hilo halikukukatisha tamaa. Nitaliandika."

"Naomba uandike kwamba hawapo."

"Wapo, Mwalimu. Wako kambini kwa idhini, kwa hiyo kisheria wapo. Ungekuwa na mtoto mmoja tu hapa ndani, ndiyo ningekuuliza kwa nini hayupo kambini."

Mchana, baada ya kipindi, Mama Siwema alikwenda kwenye mawe. Siwema naye alikuja kutoka upande wake, wakaketi wakitazamana, jiwe moja katikati yao, kama wateja wawili kwenye meza ndogo ya mgahawa.

"Asidi ikikutana na besi?"

"Chumvi na maji, Mama. Hiyo ya kidato cha pili."

"Haya, ya kidato cha nne. Nieleze kwa nini chuma kinapata kutu na dhahabu haipati."

Siwema alieleza, na alieleza vizuri, huku akikuna mchanga kwa kijiti. Wasichana wa hema lake walikuwa wakipita na ndoo.

"We Siwema, mama'ko kaja tena na kutu yake?"

"Mwache, shoga, huyo ndiye daktari wetu. Sisi wengine tutapiga makofi tu."

"Tena mtanipigia mimi," Siwema aliwarushia, "siku nikiwapimia dawa zenu za minyoo."

Walicheka wote, na Mama Siwema akacheka pia. Aliporudi shuleni alifuta ubao ambao hakuna aliyeunakili, akaamua kwenda mji mkuu.

* * *

Mheshimiwa Shibe alimpokea katika ofisi mpya yenye mizani kubwa ya mfano. Alimsikiliza kwa huruma ya kweli. Alikuwa mtu mwenye huruma, na hilo ndilo lililompandisha.

"Mama yangu, ile kambi naikumbuka. Ningekuja hata kesho. Lakini mimi sasa ni wa mizani. Nikifunga kitu cha vijana, mwenzangu atasema nini? Atasema nimeingia jikoni kwake nikafunika sufuria. Hapana. Mwone Mheshimiwa Tambo. Kijana mzuri sana, mchapakazi."

Mheshimiwa Tambo, waziri mpya wa Vijana, Ari na Matembezi, hakuonekana kwa urahisi. Alionekana katibu wake, Bwana Pilika, mtu mwembamba aliyekuwa akizungumza na simu mbili kwa zamu.

"Mheshimiwa ana moyo wa kufunga," Bwana Pilika alisema, "lakini tuwe wakweli, Mama. Mtu ndiyo kwanza ameapishwa. Shughuli yake ya kwanza hadharani iwe kufunga? Watu watasema amekuja kufunga mambo. Na tena kitu chenyewe hakukifungua yeye."

"Basi afanyeje, mwanangu? Watoto wana mtihani."

"Kufungua angefungua hata leo."

Ndipo Mama Siwema, aliyekuwa amezoea kutenganisha vitu vilivyochanganyika, akapata wazo lililomfurahisha kwa ujanja wake.

"Haya, aje aifungue. Aifungue upya, iwe yake. Halafu papo hapo, kabla hajaketi, aifunge. Kwa kuwa atakuwa ameifungua yeye, hatakuwa amefunga cha mtu."

Bwana Pilika aliweka simu zote mbili mezani. Alimtazama mwanamke yule kwa heshima mpya.

"Mama, wewe ulipaswa kuwa serikalini."

Tarehe ilipangwa: siku moja kabla ya mtihani. Mama Siwema alirudi nyumbani kwa basi la usiku, hakusinzia hata kidogo, akitabasamu gizani kama mtu aliyeokota kitu.

* * *

Sherehe yenye mgeni rasmi haifanyiki bila risala. Risala iliandikwa na kamati ya watu wazima, kwa kuwa ilikuwa risala ya vijana, na Siwema akachaguliwa kuisoma, kwa sababu ya sauti yake safi. Alipewa mkufunzi wa kumfundisha kupumua kwenye mkato na kuinamisha kichwa kwenye neno "Mheshimiwa", lililotokea katika kila sentensi na katika sentensi moja mara tatu.

Kuanzia hapo mazungumzo ya kwenye mawe yalibadilika.

"Tulifika kwenye mafuta ghafi," Mama Siwema alisema. "Yanatenganishwaje?"

"Kwa... Mama, subiri. Ngoja nikusomee aya ya pili, uniambie kama nimeharakisha."

"Siwema. Mafuta ghafi."

"Kwa kuyachemsha, kila kimoja kinatoka kwenye joto lake. Najua, Mama. Sikiliza basi: Mheshimiwa, sisi vijana wako, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kutupatia muda..."

Alisoma vizuri mno. Mama Siwema alitazama shingo ya mwanawe ikiinama mahali pake, kila mara mahali pake, akahisi ubaridi ambao hakuweza kuutolea maelezo ya kisayansi.

"Umeharakisha kidogo," alisema.

Siku iliyopangwa ikafika. Vijana walijipanga tangu alfajiri. Turubai la wageni lilifungwa mapambo, vikundi vya ngoma vilicheza, vikapumzika, vikacheza tena. Msema chochote wa sherehe hakunyamaza. "Msafara umetoka!" alitangaza, na watu wakasimama. "Msafara uko njiani!" na watu wakasimama. "Msafara umesimama kidogo, Mheshimiwa anasalimia wananchi!" Jua lilipinda, likazama. Kisha Afande Kalunde akapokea simu, akaisikiliza akiwa amepiga saluti, na akasema kwa sauti yake ya taratibu kwamba Mheshimiwa atafika kesho saa mbili asubuhi bila kukosa.

Saa mbili asubuhi ndiyo saa ambayo mtihani wa taifa ulianza, nchi nzima, na karatasi ya kwanza ilikuwa ya kemia.

* * *

Asubuhi hiyo gari la polisi lilileta bahasha za mtihani. Msimamizi kutoka wilaya nyingine, mwanamume mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, alizifungua mbele ya mashahidi, akagawa karatasi kwenye madawati matupu, akaandika ubaoni saa ya kuanza na ya kumaliza. Kanuni zilimtaka kumpokea kila mtahiniwa anayechelewa kwa nusu saa, na baada ya hapo kuufunga mlango. Alisimama mlangoni akitazama uwanjani, ambako watahiniwa wake wote walikuwa wamejipanga kwa mistari, wamevaa skafu.

Mama Siwema aliyavuka mawe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyavuka.

"Afande, namchukua mwanangu."

"Mchukue, Mwalimu. Sijamshika."

Alimkuta Siwema nyuma ya turubai, na karatasi ya risala mkononi, akinong'ona aya ya tatu.

"Twende."

"Mama, nani atasoma?"

"Yeyote. Kila mtu hapa anajua kusema Mheshimiwa."

"Nikiondoka hakuna risala. Pasipo risala hakuna sherehe, hawezi kufungua wala kufunga. Wenzangu wote watabaki." Siwema alisema hivyo bila ubishi, kama anavyoeleza mtu jambo la maumbile. "Wewe mwenyewe ndiye uliyemleta, Mama."

"Nilimleta jana! Leo ni mtihani. Siwema, nitazame. Unataka kuwa nini?"

"Mfamasia," mtoto alisema.

"Basi twende, mama. Twende tu."

Siwema akaweka karatasi juu ya kiti. Wakatembea, mkono kwa mkono, mbele ya mistari ya vijana, na hakuna aliyewazuia. Baadhi ya wasichana wa hema lake hata walianza kuwafuata, wakitazamana. Walikuwa wameyafikia mawe pale ving'ora viliposikika, na bendi, ambayo ilikuwa imesubiri nafasi hiyo tangu jana, ikapiga wimbo wa kumpokea mgeni.

Siwema alisimama wima. Hakuamua kusimama, miguu ilikutana yenyewe, mikono ikashuka ubavuni, kidevu kikainuka. Mama Siwema aliuvuta mkono wake, ukawa mgumu kama wa sanamu. Akavuta tena. Kisha akagundua kwamba watu wote chini ya turubai wanamtazama yeye peke yake anayetikisika, na kwamba mkuu wa shule ameweka kidole midomoni. Ubeti wa wilaya yao ukaanza. Yeye naye akasimama wima.

Wilaya zilipita moja baada ya nyingine, za kale na zilizogawanywa mwezi uliopita. Zilipokwisha, ng'ambo ya uwanja, mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa umefungwa.

* * *

Siwema alirudi kwenye kipaza sauti. Alisoma risala yote, akapumua kwenye mikato, akainama palipotakiwa. Mheshimiwa Tambo, mtu mnene kiasi na mwenye tabasamu changa, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Redio ya taifa ilikuwa ikirusha sherehe moja kwa moja. Na baada ya neno la mwisho la kamati, Siwema hakuondoka. Aliikunja karatasi.

"Mheshimiwa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuinama, "mtihani wetu umeshaanza."

Bendi ilitazamana. Bwana Pilika alimnong'oneza waziri, na waziri akamnong'oneza Bwana Pilika, na Mama Siwema akashika moyo, kwani aliona usoni kwa yule mtu kitu kinachofanana na kuelewa.

Mheshimiwa Tambo alichukua kipaza sauti.

"Nimesikia. Binti huyu ameniambia neno zito. Amesema mtihani umeanza. Ndugu wananchi, mimi nauliza: umeanzaje? Umefunguliwa na nani?" Aliwatazama watu mmoja mmoja. "Hakuna! Watoto wetu wameachwa waanze mtihani kienyeji tu, kama watu wanaoanza kula! Hilo katika serikali hii halikubaliki. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kwa nchi nzima, umefunguliwa!"

Makofi ya mvua. Vijana walikuwa wameyafanyia mazoezi muhula mzima, na yalinyesha kweli.

Na hapa lazima nikiri kwamba kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Kwa kuwa mtihani ulikuwa umefunguliwa wakati huohuo, hakuna aliyekuwa amechelewa. Msimamizi alisikia tamko kwenye redio yake ndogo, akafungua mlango. Watahiniwa waliruka mawe, wakakimbia na skafu zao. Siwema alikuwa wa mbele kabisa, na Mama Siwema alipiga kigelegele akiwa amesimama katikati ya uwanja, peke yake, bila kujali itifaki. Mheshimiwa alidhani ni chake, akampungia mkono. Katika furaha hiyo alisahau kuifungua kambi, na kwa hiyo hakuweza kuifunga.

* * *

Siwema alijibu maswali yote. Lilikuwemo la kutu na lilikuwemo la mafuta ghafi. Alipomaliza aliinua mkono.

"Kaa, binti," msimamizi alimwambia. "Bado haujafungwa."

"Muda umekwisha, Mwalimu. Uliandika ubaoni."

"Ule ulikuwa muda wangu. Mtihani wenyewe umefunguliwa na Mheshimiwa."

Katika shule zote za nchi, watahiniwa waliokuwa wakinyanyuka kukusanya karatasi waliambiwa waketi. Baraza la Mitihani lilitoa taarifa fupi na tulivu kwamba karatasi haziwezi kusahihishwa kabla ya mtihani kufungwa rasmi, na kwamba wazazi wasiwe na hofu, kwani watoto wako mahali salama, wameketi.

Mama Siwema alikwenda tena mji mkuu. Mheshimiwa Tambo alikuwa amepandishwa cheo kwa kazi ile, na mrithi wake alikuwa bado hajaapishwa. Bwana Pilika alikuwa na simu tatu.

"Mama, samahani nikuulize kama mwanao," alisema. "Mbona wewe kila ukija hapa unataka vitu vifungwe? Una ugomvi gani na maendeleo?"

Kambi nayo haikuachwa bure. Kidato cha tatu kiliingizwa humo, kwa kuwa mahema yalikuwepo na hayakuwa yamefungwa.

Mama Siwema bado anafundisha. Hawezi kutumia darasa la kidato cha nne, kwa sababu lina watahiniwa, kwa hiyo anafundisha katika chumba cha jirani, ambacho ni kitupu. Mchana anapeleka chakula. Msimamizi, ambaye koti lake sasa limechakaa viwiko, anakipekua kwa uma kuhakikisha kwamba hakuna maandishi kwenye wali, kisha anampelekea mtoto mwenyewe, kwa heshima.

Jana alimruhusu mama kusimama kizingitini kidogo. Kutoka pale Mama Siwema aliweza kuiona karatasi, imechakaa pembeni kwa kushikwashikwa, na aliweza kusoma jibu la juu kabisa. Lilikuwa sahihi. Alifungua kinywa amwambie.

"Mwalimu," msimamizi alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, "mtahiniwa haongeleshwi. Nitalazimika kumfutia mtihani."

Mama Siwema alifunga kinywa. Siwema alikuwa akila huku kichwa amekiinamisha, kwa maana mtahiniwa akiinua macho kumtazama mtu, huo ni udanganyifu. Alikula mpaka wali ukaisha, akaisogeza sahani ukingoni mwa dawati bila kutazama ilikokwenda.